Shangazi, mume wangu ametuandikisha sote kwenye msafara wa baiskeli wa siku nne

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 44. Nakuandikia usiku huu wenzangu wamelala, maana mchana sina pa kulisemea jambo hili bila kuonekana mbaya wa nyumba.

Mwaka jana tulimpoteza wifi yangu, dada pekee wa mume wangu. Aliugua figo muda mrefu, na mwishoni alikuwa akisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Mume wangu ndiye aliyekuwa akimpeleka na kumrudisha. Baada ya msiba akasikia kuna msafara wa baiskeli wa hisani, siku nne, wa kuchangia kituo cha wagonjwa wa figo. Akajiandikisha. Hilo sikuwa na neno nalo, nilimpongeza.

Kumbe ametuandikisha sote. Fomu ilikuwa na sehemu ya timu ya familia, akaijaza: yeye, mimi, binti yetu wa miaka 15 na mdogo wake wa kiume wa miaka 11. Jina la timu akaweka la marehemu. Akalipa ada, akaja kutuambia mezani kama mtu aliyeleta zawadi. Sasa Shangazi, zawadi yenye jina la marehemu nani ataikataa?

Baiskeli naijua, lakini ya kwenda karibu na kurudi. Huko ni kama kilomita 65 kila siku, na siku ya tatu ina vilima. Tumebakiwa na wiki 11. Mume wangu ni mwendeshaji wa miaka mingi, miguu yake ni chuma.

Kila Jumamosi tunatoka wote kufanya mazoezi. Dakika kumi hazijaisha yeye hatumuoni tena. Tukifika kwenye kilima tunamkuta juu, amesimama kando, mkono mmoja kiunoni, anatazama saa. Sisi tunapanda tunahema, binti yuko nyuma anasukuma baiskeli kwa miguu. Tukimfikia tu anasema "haya, twende", anapanda, anaondoka. Nimemwambia apunguze mwendo, anasema ameshapunguza mpaka basi, akipunguza zaidi ataanguka. Juzi nililia njiani. Hakuona, maana alikuwa mbele.

Binti amesema haendi. Ukimuuliza sababu anainua mabega. Baba yake amemwambia "shangazi yako angekusikia angejisikiaje?" Tangu siku hiyo hawasemeshani vizuri. Mdogo wake ndiye kinyume chake, anataka kila kilomita. Nusu saa ya kwanza anakimbia kama anafukuzwa, kisha anakaa pembeni na kugoma. Juu ya hayo baba mkwe, miaka 70, naye anataka kuja, ila kwa baiskeli ya umeme. Mume wangu anasema huko ni kuwadanganya wachangiaji.

Na wachangiaji ndio wanaoninyima usingizi. Picha yetu tukiwa na fulana za timu imeshasambazwa kwa ndugu, kazini kwake na kazini kwangu. Wengi wameahidi fedha, na wengine wameahidi kwa kilomita. Nikiishia njiani, uso wangu nitauficha wapi?

Nikatae sasa hivi kabla mambo hayajawa makubwa? Binti nimlazimishe? Na kwa mwili wangu huu, wiki 11 zinatosha?

Wako,
Niliyeachwa Kilimani

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole kwa kumpoteza wifi yako, na pole kwa vilima.

Usikatae. Lakini usiende kwa mpango huu uliopangiwa, maana huu ni mpango wa mtu mmoja aliyevalisha watu wanne fulana. Wiki 11 zinatosha kuubadilisha, na zinatosha kwa miguu yako pia, nitakueleza.

Kwanza turudi pale juu ya kilima, maana kesi yenu yote iko pale. Mumeo anafika, anasimama, anakunywa maji, mapigo ya moyo yanashuka, anatazama saa. Baada ya dakika tano mnafika nyinyi, na mkifika yeye anaondoka. Nani amepumzika hapo? Piga hesabu ya siku yenye vilima kumi. Mwenye nguvu kuliko wote amepumzika karibu saa nzima, na mchovu kuliko wote hajapumzika hata mara moja. Halafu jioni anashangaa mbona familia haina stamina. Si ukatili, mwanangu, wala hakupenda mlie. Waendeshaji wengi hodari hufanya hivyo bila kujua, kwa sababu kusubiri kwenyewe wanakuona ndiyo wema wao.

Dawa yake ni sheria moja mtakayowekeana kabla ya Jumamosi ijayo: anayefika wa mwisho ndiye anayesema "twende". Mtu mwingine yeyote hana ruhusa ya kulitamka neno hilo, hata akiwa na saa mbili mkononi. Kama wa mwisho ni binti, basi binti anakunywa maji, anafuta jasho, anaamua. Utaona ndani ya siku moja mwendo wa huyo wa mbele unavyoshuka wenyewe, kwa sababu kukimbia hakumfaidishi tena kitu.

Mwonyeshe na hesabu ya barabara, maana inaelekea ni mtu wa namba. Mtu mzima asiye na mazoezi mengi huenda kama kilomita 16 kwa saa kwenye barabara ya kawaida. Kilomita 65 ni saa nne za kukanyaga, na mkiongeza vituo vya kula, maji na choo zinafika sita. Yeye akienda 25 kwa saa anazimaliza kwa saa mbili na nusu na ushee. Pengo la saa moja na nusu haliwezi kuzibwa kwa kuhimizana. Ama mtu wa mbele anarudi nyuma, ama mnakubaliana kwamba hamko safari moja.

Sasa yeye mwenyewe. Umeniandikia kwamba alikuwa akimpeleka dada yake hospitali mara tatu kwa wiki. Ratiba ya namna hiyo mtu huishi ndani yake. Siku inapokatika anabaki na siku tatu za wiki ambazo mwili unataka kuondoka nyumbani na hakuna pa kwenda. Yeye amepata pa kwenda, yuko juu ya baiskeli. Katika barua yako nzima nimesoma kilomita, saa, mwendo na ada, na mdomoni mwa mumeo marehemu hatajwi ila pale anapotumiwa kumchapa mtoto. Nadhani baba huyu hajamlilia dada yake. Huenda nimekosea, wewe unamjua kuliko mimi, lakini zungumza naye ukiwa umeliweka hilo moyoni.

Usizungumze naye barabarani, wala Ijumaa usiku wakati anajaza upepo. Chagua siku isiyo na baiskeli. Na badala ya kuanza na malalamiko, anza na ombi ambalo halitarajii. Mwambie: "Katika siku hizo nne, chukua moja iwe yako. Nenda na wenye mbio, tangulia, wala usitugeukie. Siku tatu zilizobaki nakuomba uwe nasi." Ya vilima ndiyo ingemfaa. Hiyo moja itampa kile anachokitafuta, na mkimkuta jioni macho mekundu msimuulize kama ni vumbi.

Na siku hizo tatu mpe kazi, si nasaha. Mwendeshaji mwenye nguvu ana manufaa makubwa akiwa karibu. Upepo wa mbele ndio unaokula nguvu za watu kuliko kitu chochote kwenye barabara tambarare, na anayekaa mbele yenu urefu wa baiskeli moja au mbili anawapunguzia. Yeye abebe pampu, tyubu za akiba, viraka na spana. Yeye ndiye wa kupiga kelele "shimo!" na "gari nyuma!" na kuonyesha kwa mkono. Akikataa kazi hizo kwa kusema mwendo ni mdogo mno, basi mwambie wazi, kwa upole, kwamba timu ni mbili: yake ya mtu mmoja, na ya familia. Si talaka hiyo. Ni kupanga magurudumu.

Tuje kwa binti, na hapa nitakuomba ukae naye peke yako, baba asiwepo, ndugu yake asiwepo. Msichana wa miaka 15 anayeinua mabega mara nyingi ana sababu kamili, tena nzito, ila haisemeki mbele ya wanaume wa nyumba. Usimuulize "kwa nini hutaki". Muulize kitu kimoja kimoja. Je, anaogopa kuwa kwenye siku zake katikati ya njia, vyoo viko mbali, amevaa kaptula ya kubana? Jibu la hilo lipo: angalieni tarehe pamoja, ulizeni waandaaji umbali kati ya choo na choo, beba vifaa kwenye begi lako, na avae sketi fupi au kaptula pana juu ya ile ya kubana, wengi hufanya hivyo. Je, anaona haya kusukuma baiskeli mbele ya watu? Je, ni ile picha? Hukuniambia kama kuna aliyemuuliza kabla sura yake haijasambazwa kwa watu wa kazini kwenu. Umri huo, picha moja yatosha kumfanya mtu achukie safari nzima.

Mkiyamaliza hayo na bado anasema hapana, basi hapana yake iheshimiwe. Mtoto aliyelazimishwa kwenye barabara yenye magari ni hatari, kwake na kwa aliye nyuma yake, maana akili yake haiko barabarani. Misafara mingi huhitaji watu wa kugawa maji vituoni, kupokea mizigo na kupiga picha. Waulizeni kama wanapokea wa umri wake pamoja na mtu mzima. Na ile kauli ya "shangazi yako angekusikia" mumeo aifute mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya msafara. Mtoto huyo naye amefiwa.

Huyu mdogo wa miaka 11 ni rahisi zaidi, ila anataka macho. Kabla ya yote soma masharti ya waandaaji, kwani misafara mingi ina umri wa chini kwa safari ndefu, au njia fupi ya watoto. Kama anaruhusiwa, asiwe wa mbele hata siku moja. Mtu mzima mmoja mbele yake, mwingine nyuma yake akiwa amesogea kidogo upande wa magari, ili dereva amwone mkubwa kwanza. Mfundishe asiingize gurudumu lake la mbele ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzake. Yakigusana, anayeanguka ni wa nyuma. Kwenye mteremko apunguze kasi kabla ya kona, si ndani ya kona, kwa breki zote mbili. Na kule kugoma baada ya nusu saa si ukaidi. Watoto hawajui kugawa nguvu, na joto huwapanda upesi bila wao kusema. Mpe kitu kidogo cha kula kila baada ya dakika 30 au 40 kabla hajaomba, na umpe kazi ya kutunza mwendo: achague wimbo anaoweza kuuimba huku anakanyaga. Akishindwa kuimba, anakimbia mno. Kipimo hicho kinakufaa na wewe.

Sasa mwili wako. Wiki 11 kwa mtu mzima mwenye afya ni muda mzuri, mradi usizitumie kumfukuza mumeo. Kama una maradhi yoyote ya moyo, shinikizo la damu au kisukari, au kifua kinabana ukipanda ngazi, daktari kwanza. Baada ya hapo toka mara tatu kwa wiki. Safari mbili ziwe fupi, za saa moja hivi, ya tatu ndefu, na hiyo ndefu uiongeze kidogo kidogo mpaka wiki ya tisa ufike kama kilomita 45 au 50. Huna haja ya kufika 65 mazoezini. Unachohitaji zaidi, na watu wengi hukisahau, ni kuendesha siku mbili mfululizo. Mwanzo wa msafara mtu yeyote ataendesha kwa furaha. Asubuhi ya pili ndiyo inayouliza maswali, pale unapokikalia tena kiti ulichokikalia jana saa nne nzima. Kuanzia wiki ya sita, Jumamosi na Jumapili zifuatane. Wiki ya mwisho pumzika, endesha kidogo tu miguu isilale.

Na hicho kiti, mwanangu, ndicho kitakachoamua kama utafurahia au la. Kabla ya kununua chochote, kirekebishe kimo. Egemea ukuta ukiwa juu ya baiskeli, weka kisigino kwenye kanyagio likiwa limeshuka chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukirudisha sasa sehemu pana ya mbele ya wayo kwenye kanyagio, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Wanawake wengi huendesha kiti kikiwa chini mno ili miguu iguse ardhi wakisimama, halafu magoti yanauma mbele, wanasema ni umri. Si umri. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Likiuma kwa nyuma, kiko juu. Jifunze kushuka kutoka kwenye kiti unaposimama, badala ya kukaa na kunyoosha vidole.

Usidanganywe na kiti kinene kama mto. Kwa safari fupi ni raha, kwa saa nne kinabonyea na kukusugua kila mahali. Kinachotakiwa ni kiti kinachobeba ile mifupa miwili ya makalio, kiwe na upana wake. Kisha kaptula ya baiskeli yenye pedi ndani, ambayo huvaliwa bila chupi. Nasema hili wazi kwa sababu hakuna anayewaambia wanawake, na mshono wa chupi ndio unaochuna ngozi. Paka mafuta mazito mahali panaposuguana. Ukifika jioni ivue mara moja, oga, ifue. Uwe nazo mbili au tatu, ya jana ikikauka unavaa ya leo. Njiani simama juu ya makanyagio sekunde chache kila baada ya dakika kumi au kumi na tano ili damu ipite, na badilisha mikono kwenye usukani vidole visije vikafa ganzi.

Kwenye vilima tumia gia nyepesi, na uibadilishe kabla kilima hakijakukamata, si katikati huku cheni inalia. Miguu izunguke upesi na kwa wepesi, kama mara 80 kwa dakika kwenye tambarare, kuliko kukanyaga kwa nguvu polepole. Ukishindwa, shuka usukume. Kusukuma nako ni kwenda.

Kula ndiko kunakowaangusha wageni kuliko miguu. Akiba ya wanga mwilini haitoshi saa sita, na ikiisha mtu hutetemeka, hukasirika, hulia bila sababu (yale machozi ya juzi, una uhakika ulikuwa umekula?). Baada ya saa ya kwanza mwili unaomba kama gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na ndizi moja ya wastani ina karibu gramu 25. Maji, kama nusu lita kwa saa ni mahali pazuri pa kuanzia, zaidi kukiwa na joto. Lakini usijilazimishe lita kwa lita za maji matupu. Chumvi mwilini ikizidi kuchujuka mtu huumwa kichwa, hutapika na huweza kupoteza fahamu. Sikiliza kiu, na kula kitu chenye chumvi.

Helmeti ikae sawasawa kichwani, ukingo wake vidole viwili juu ya nyusi, mikanda ikutane chini ya sikio, na kati ya mkanda na kidevu kipite kidole kimoja tu. Iliyokwisha kuanguka na kichwa ndani haifai tena hata kama haina ufa. Baiskeli zote nne zipite kwa fundi wiki mbili kabla, si siku mbili kabla, ili kitu kipya kikigoma kigomee nyumbani. Kila asubuhi kagua upepo, na kiasi kinachotakiwa kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Pancha ikitokea, kabla ya kuingiza tyubu mpya pitisha vidole taratibu ndani ya tairi. Mwiba uliotoboa ya kwanza huwa bado upo pale, unaingoja ya pili.

Sasa uso wako na wachangiaji. Piga simu kwa waandaaji wiki hii na uulize: gari la kuwabeba waliochoka linapita saa ngapi? Kuna njia fupi? Barabara inafungwa au tunachangia na magari? Bima ipo? Kupanda gari hilo kwa kilomita 20 halafu kushuka na kuendelea kunaruhusiwa? Mara nyingi kunaruhusiwa, na lile gari halitembei likiwa tupu. Msafara wa hisani si mashindano, hakuna mshindi wa kwanza wa kusaidia figo za watu.

Wachangiaji wako ni wa aina mbili, watenganishe. Walioahidi jumla hawakukununua miguu yako. Wamekipa kituo, na fedha yao ni ile ile hata ukiishia siku ya pili. Walioahidi kwa kilomita ndio wanaostahili ukweli, kwa hiyo waandikie mapema, kitu kama hiki: "Ndugu zangu, tunaendesha kama familia, kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Kila mmoja wetu ataandika kilomita alizoendesha kweli, na hizo tu ndizo tutakazowadai. Anayependa kubadilisha ahadi yake iwe kiasi cha jumla, tunashukuru." Wengi watabadilisha, utaona. Na fedha zisipite mfukoni kwa mumeo hata kidogo. Ziende moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo au ya waandaaji, na ada ya kushiriki iwe yenu.

Waulize pia ni kiasi gani cha michango kinafika kwa wagonjwa na kiasi gani kinalipa mahema, chakula na fulana. Si utovu wa adabu kuuliza. Kule Massachusetts, Marekani, kuna msafara uitwao Pan-Mass Challenge, ulioanzishwa mwaka 1980 na Billy Starr na kundi dogo la waendeshaji. Siku hizi kila senti wanayochangisha waendeshaji inakwenda kwenye taasisi ya saratani ya Dana-Farber, na gharama za shughuli zinalipwa kutoka kwingine. Si lazima wenu uwe hivyo, lakini wewe unayewaomba watu uwe na jibu wakikuuliza.

Baba mkwe naye mwacheni aje. Amempoteza mtoto, na mumeo anaona tatizo ni mota? Baiskeli ya umeme ya kawaida inasaidia anayekanyaga, haimbebi aliyelala. Waandikieni wachangiaji kwamba babu anaendesha ya umeme, udanganyifu umekwisha hapo. Aonane na daktari kwanza, aizoee mapema kwa sababu ni nzito na huondoka ghafla, na muulize mwandaaji kama zinaruhusiwa na kama malazi yana pa kuchaji. Kisha umweke awe mwenzako wa nyuma. Mwendo wenu utalingana, mtakuwa na mengi ya kuzungumza juu ya marehemu, na mkifika juu ya kilima wawili kwa pamoja, mumeo hatathubutu kumwambia baba yake "haya, twende".

Shangazi